Nyumba ya Historia Nyuma ya Seng'enge

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, matanga, ngoma na majina ya watoto. Safari hii tunaandika juu ya nyumba. Wengine watauliza: nyumba ya mzungu wa zamani inaingia namna gani katika mila zetu? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu.

Nyumba yenyewe iko juu ya kilima, karibu na soko moja la Kabare, kaskazini ya Bukavu. Mkoloni mmoja, mwenye shamba la kahawa na kinini, aliijenga kabla ya 1960: matofali ya kuchoma, paa la vigae, dohani kwa ajili ya baridi yetu ya mlimani, na baraza refu lenye kutazama ziwa. Mwaka 1973, wakati wa zairianisasi, ilipata mwenyewe mwingine. Baadaye shamba likafa, vita vikapita, mbuzi wakalala ndani. Sasa imenunuliwa na tajiri ambaye hatutamtaja jina, kwa sababu hatupigani na mtu, tunapigana na mtindo. Siku hizi ina vioo vya bluu, karo zinazong'aa, bwawa la kuogelea, grupu la umeme lenye kunguruma usiku kucha, na ukuta wa mita tatu wenye seng'enge juu yake.

Wajumbe wetu wanne walikwenda kuomba ruhusa ya kupiga picha. Walivaa vizuri, walibeba barua yenye muhuri. Sentineli aliwajibu kupitia tundu la mlango: "Wababa, miye niko natumwa tu. Patro alikataza batu." Walisimama jua kali saa nzima, wakarudi.

Lakini siku hiyo walijifunza mambo mawili.

La kwanza ni njia. Kabla ya ukuta, wamama wa upande wa pili wa kilima walikatiza pale kwenda sokoni. Sasa wanazunguka kwa barabara kubwa, mzigo wa mihogo mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mmoja alituambia: "Mzungu mwenyewe alituacha tupite. Huyu wetu njo alifunga!" Tuliandika maneno hayo kwenye daftari. Hatujui uchungu mwingine unaoyapita. Kusema hivyo hakumtakasi mkoloni, ila kunatuhukumu sisi.

La pili ni baraza. Limebomolewa ili kupata nafasi ya magari. Kwa macho ya fundi lilikuwa baraza tu. Kwa wazee wetu, pale ndipo kapita alisoma majina siku ya mshahara, pale ndipo mtu alikatwa posho kwa kuchelewa, na pale ndipo watu walisimama kwa mstari kungojea kuandikwa kazi. Tunajua sheria ya mkoloni ya 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mazao kwa siku 60 kila mwaka, na mwaka 1942, kwa sababu ya vita vya Ulaya, zikapandishwa mpaka 120. Hayo yamo katika vitabu. Lakini baba zetu hawakuyasoma katika vitabu. Waliyasikia kwa miguu yao, wamesimama mbele ya mabaraza kama lile.

Katika rundo la kifusi nje ya ukuta, mjumbe mmoja aliokota tofali. Upande mmoja lina alama za vidole vinne, vidole vidogo, vya aliyelitoa kwenye kalibu likiwa bado bichi. Labda mtoto. Tofali hilo liko leo juu ya meza ya chama. Kila anayeingia anaweka vidole vyake juu ya alama zile, halafu ananyamaza.

Hapo ndipo jibu la swali letu la kwanza. Ramani ya nyumba ilikuwa ya mzungu, lakini udongo ni wetu, kuni ni zetu, mikono ni yetu. Anayesema "ni ya wakoloni, ibomolewe" anawapa wakoloni hata jasho la babu zake. Na anayesema "nimenunua, ni yangu yote" anafanya vilevile. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba kama hizi ni daftari la watu wasiojua kuandika.

Tunajua tutakavyojibiwa.

Kwanza watasema: bila tajiri huyu nyumba ingeanguka. Ni kweli, na tunamshukuru kwa paa. Tetemeko la Februari 2008 lilituonyesha namna kuta za zamani zinavyopasuka, na chama chetu hakikuwa na hata mfuko mmoja wa simenti wa kutoa. Lakini kuziba ufa ni jambo moja, kufuta uso wa nyumba ni jambo lingine. Mtu akimponya mgonjwa, hapati ruhusa ya kumbadilisha jina.

Pili watasema: mali ya mtu haiguswi. Kumbe sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Tangu 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia. Na iko sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Imepita nusu karne. Ni wangapi kati yetu, walimu, mawakili, watu wa ofisi, tuliokwisha kuifungua? Tuanze kujilaumu sisi wenyewe.

Tatu, na hili ni zito, watasema: katika nchi ya vita, nani anajali matofali? Tangu 1996 tumezika watu wengi mno, na Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Tunajibu hivi: kwa sababu ya vita ndiyo tunajali. Karatasi zinaungua, wazee wanakimbia na kufa mbali, vijana wanakua bila kujua kilima chao kilikuwa nini. Kuta zinabaki. Tukiziachia zifungwe au zibomolewe, tutabakiza nini cha kuwaonyesha watoto watakaporudi?

Wala hatudai kila nyumba nzuri iwe makumbusho. Mfano tunao karibu. Lwiro, majengo makubwa ya IRSAC, chuo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, ni ya fahari kuliko nyumba hii mara kumi. Leo ni kituo cha utafiti cha Wakongo. Yamechakaa, ndiyo, lakini wanafunzi wa kwetu wanapita katika milango yake. Fahari yenye mlango ni urithi. Fahari yenye seng'enge ni mali tu.

Mwaka 2021 UNESCO ilipokubali rumba kuwa urithi wa watu wote, tulicheza usiku kucha, na tulifanya vema. Lakini tazama orodha ile nyingine, ya mahali pa urithi wa dunia: Kongo yetu ina matano, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni misitu na wanyama. Hakuna hata jengo moja. Mgeni akisoma orodha hiyo anaweza kufikiri kwamba hapa waliishi sokwe na tembo peke yao.

Basi tunaomba nini? Mambo madogo. Mwenye nyumba aache njia ya mita mbili kando ya ukuta, wamama wapite. Aweke kibao kwenye lango, kiseme nani alipanga nyumba na nani aliijenga. Afungue siku moja kwa mwaka kwa wanafunzi wa shule za pale. Hayo hayatapunguza maji katika bwawa lake.

Na sisi tuna kazi yetu. Kila mjumbe achukue daftari, aende kwa mzee mmoja wa kilima chake, aulize: nyumba ile, nani alifyatua matofali yake? Aandike majina. Tajiri anaweza kutukatalia picha, lakini majina hayana ukuta. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Tunaongeza: na anayeifungia nje ya lango lake anajifungia yeye mwenyewe ndani.