Redio ikianza kukwaruza, usiitupe

Leo naiacha PHP kando tuzungumze juu ya kile kidude unachozungusha kuongeza sauti ya redio. Kitabuni kinaitwa potenshiomita. Mafundi husema voliumu tu, na sina ugomvi nao.

Ndani mna ukanda wa kaboni uliopindwa kama herufi C, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Miguu ni mitatu: miwili ya pembeni imeshika ncha za ukanda, wa katikati umeshika kidole. Weka volti 5 kati ya miguu ya pembeni, zungusha hadi nusu, na kwa ile inayopanda sawasawa mguu wa kati utakupa kama volti 2.5. Ukiunga kwenye Arduino Uno utasoma namba kati ya 0 na 1023. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Sasa redio nyingi mpya zina vitufe, + na -, na programu ndogo ya kukumbuka sauti ilikuwa wapi. Programu hizo tunaandika watu kama mimi, na nyingine ukitoa mawe tu zimesahau. Potenshiomita haina cha kusahau. Ulipoiacha ndipo ilipo, hata mawe yakiwa nje yanaanikwa juani. Na nyanya anayetafuta sauti ya Musyi FM gizani haitaji kuona kitu, vidole vinatosha.

Adui yake ni vumbi, na Tulia kule Kitui wakati wa kiangazi vumbi halipigi hodi. Kidole kikikosa kugusa kaboni vizuri, redio hukwaruza na watu husema imekufa. Haijafa! Toa mawe au chomoa stima, puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme (si mafuta ya kupikia, tafadhali), kisha zungusha mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi. Mara nyingi hupona.

Kaboni ikiwa imelika, fundi atabadilisha. Lakini asome maandishi: kwa nyingi zinazouzwa siku hizi, A10K ni ya sauti, B10K hupanda sawasawa. Ukiweka B kwenye redio, sauti karibu yote itaruka mwanzoni mwa mzunguko, kwa sababu sikio halisikii hivyo.

Programu ya vitufe ikiharibika, fundi wa Tulia aguse wapi? Hakupewa. Wenzangu mnaounda vifaa, wekeni potenshiomita, chipu yenu iisome tu.