KUKU WALALA NJAA, UFUTA WAPANDA MELI

Ndugu wananchi wa Kibiti na wa Delta, leo twazungumza juu ya kuku. Wako watakaocheka. Watasema gazeti la Chama lina mambo makubwa ya kuandika kuliko pumba na vifaranga. Nasi twawauliza: sare ya mtoto ilinunuliwa kwa fedha gani? Nauli ya mashua ya mgonjwa kutoka Mbwera ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwa kuku wawili wa mama, walioshikwa usiku bandani na kuuzwa asubuhi. Korosho ni za baba, ufuta ni wa baba. Kuku ndio akiba ya mama. Mwaka 2024 mafuriko yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga ulikwenda na maji. Shamba halibebeki. Kuku hutiwa tengani akapandishwa mtumbwini.

Na sisi viongozi tuseme kweli: majogoo mengi ya akiba hiyo tumeyala sisi, tulipofika kijijini kuhutubia maendeleo.

Je, kuku huyo hulishwa nini? Twasema wazi: halishwi. Hufunguliwa alfajiri akajitafutie. Mvua zikiisha, wadudu na majani machanga hupungua, naye huishia kuparua vumbi. Hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, mara tatu hivi kwa mwaka, na vifaranga wengi hufa kabla ya kutimiza wiki nane. Lawama zote hupewa mwewe na mdondo. Mdondo ni adui wa kweli, na chanjo ya tone la jicho ipo, irudiwe kila miezi mitatu. Lakini kifaranga mwenye njaa huuawa hata na baridi ya usiku mmoja.

Vikundi vimepata kuanzishwa kwa hotuba na vigelegele, vikaletewa kuku wa kisasa na mifuko ya chakula kutoka Dar es Salaam. Fedha za mifuko zilipokwisha, kuku waliuzwa, banda likawa ghala la kuni. Sisi waenezi tulikuwapo siku ya ufunguzi na tulipiga makofi. Siku banda lilipofungwa hatukuwapo.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba chakula cha kuku ni kitu cha dukani tu. Bonde hili lalima mpunga tangu enzi za mababu, na mashine zake zatoa chenga na pumba. Lakini pumba laini si sawa na makapi. Makapi ni ganda gumu, hujaza tumbo la kuku bila kumjenga, na mashine nyingi ndogo huchanganya vyote viwili. Kwa hiyo pepeteni. Muhogo pia upo. Umenywe, ukatwe, ukaushwe barabara juani, maana muhogo mchungu ukiwa mbichi una sumu. Tena makopa hutia nguvu tu, protini karibu hamna. Anayelisha kuku makopa peke yake asishangae akikosa mayai.

Protini tunayo mlangoni. Maji ya Delta, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ndiyo yenye kamba wengi kuliko pwani yoyote ya Tanzania. Vichwa vya kamba hutupwa! Vikianikwa hadi vikauke na kutwangwa, ni chakula. Dagaa nao wafaa, wasiwe wa chumvi nyingi, kwani chumvi huua kuku. Makombe ya chaza yatwangwe na kuwekwa kando ya chakula: kuku anayetaga akikosa chokaa ya ganda la yai, huichota katika mifupa yake mwenyewe.

Kwa kilo kumi za mchanganyiko, tieni kilo 6 za chenga au mahindi yaliyoparazwa, 2 za pumba laini, 1 ya dagaa na 1 ya mashudu ya ufuta. Kuku anayezurura mchana apewe konzi moja jioni. Vifaranga walishwe peke yao ndani ya tenga, wakubwa wasiwapokonye. Chenye ukungu kitupwe. Unyevu wa Delta huleta sumukuvu.

Sasa, hayo mashudu tutayapata wapi? Hapo ndipo penye jambo. Ufuta wetu huuzwa mnadani ukiwa mbegu nzima, na sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania hupakiwa melini kwenda China, Japani na kwingineko. Mbegu ikikamuliwa hutoa vitu viwili, mafuta na mashudu. Tukiuza mbegu tumeuza vyote viwili, na tetea wa Bungu hapati hata punje. Tangu Azimio la Arusha la 1967 twahubiri kujitegemea. Mnunuzi hana kosa. Amekuta mlango wazi.

Hatusemi ufuta wote usiuzwe, kwani bei yake yajenga nyumba. Twasema vyama vya ushirika vibakize magunia machache, vinunue mashine ndogo ya kukamua, mafuta yauzwe Kibiti mjini, na mashudu wauziwe akina mama wafugaji kwa bei ya haki. Matawi yote ya Chama, kuanzia Bungu hadi Salale, yapeleke shauri hili katika mikutano ya ushirika kabla ya mnada wa kwanza wa ufuta, na majibu yaliyotolewa yaandikwe na kuletwa kwetu, nasi tutayachapa.