Usipopima Mwenyewe, Utapimiwa

Mchimbaji akishuka toka Rubaya na mfuko wake wa koltani, akifika kwa mnunuzi macho yake yanaenda wapi kwanza? Kwenye mizani! Maneno ya mnunuzi ni matamu, lakini yeye anataka kuona namba. Anajua kwamba asiyepima mwenyewe atapimiwa.

Sasa muulize mtoto wake anayerudi kutoka masomo: leo mmepima nini katika fizikia, ile mnayoita fizike? Mara nyingi atajibu: «Tumeandika kanuni.» Mwalimu anachora chombo ubaoni, wanafunzi wanakinakili, mtihani unapita, na hakuna aliyekigusa.

Kwetu Goma jambo hili si dogo. Tunaishi chini ya Nyiragongo, mlima wa mita 3470. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulitoka tena, jioni. Kuna kituo cha kuchunguza volkano, OVG, tangu 1986. Lakini mwishoni mwa 2020 kilikosa pesa za intaneti inayoleta vipimo toka mlimani, na intaneti ilirudi Aprili 2021 tu. Tusiseme uongo: hata vyombo vikiwa vizima, wataalamu waliona baadaye kwamba mara ile dalili za wazi zilitangulia kwa muda wa chini ya saa moja. Basi tunahitaji vyombo vingi zaidi, na vijana wengi zaidi wanaojua kuvisoma.

Chombo cha kupima tetemeko kinafanyaje kazi? Ndani kuna kitu kizito kinachoning'inia. Ardhi ikitikisika, sanduku linakwenda pamoja nayo, lakini kile kizito kinachelewa kufuata. Tofauti ile ndiyo inayoandikwa. Ni kama abiria wa gari: gari likiondoka kwa ghafula, yeye anabaki nyuma.

Vijana, jaribuni hivi nyumbani. Fungeni jiwe dogo kwa uzi. Toka pale uzi umefungwa juu mpaka katikati ya jiwe iwe mita 1. Livuteni kidogo, liacheni, mkahesabu kwenda na kurudi mara 10. Saa itaonyesha karibu sekunde 20. Wekeni jiwe zito zaidi, urefu ule ule: bado karibu 20! Sasa fupisheni uzi uwe sentimita 25: sekunde 10. Urefu umegawanywa kwa 4, muda kwa 2 tu. Mtu aliyeona hivyo kwa macho yake hatasahau kanuni.

Tuendelee. Kwa ule uzi wa mita 1, kwenda na kurudi mara moja ni sekunde 2. Zidisheni 2 kwa 2, mnapata 4. Gawanyeni 39,5 kwa 4: karibu 9,9. Mwalimu alisema nguvu ya dunia ya kuvuta vitu ni 9,8. Mmeipata kwa jiwe na uzi!

Na telefone ya mkononi? Nyingi za kisasa zina ndani yake chombo kidogo kinachosikia mtikisiko. Kuna programu ya bure, phyphox, ambayo chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, kilitoa mwaka 2016. Ukiisha kuishusha, inapima bila intaneti. Lazeni telefone mezani ikitulia: itaonyesha karibu 9,8, namba ile ile ya jiwe lenu. Gongeni meza kidogo: mstari unaruka. Telefone moja ya mwalimu inaweza kutumika na darasa zima.

Tena kumbukeni: koltani inatoa tantali, na tantali inatumika katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya vyombo vya namna hii. Jiwe linatoka katika vilima vyetu, linazunguka dunia, linarudi likiwa chombo cha kupimia. Je, litukute tunajua kupiga picha na kucheza tu?

Baba na mama, mtoto akiomba uzi na saa, msimfukuze. Walimu, anzeni na jiwe, telefone itafuata. Na wewe kijana, ukisikia ardhi imetikisika, usiishie kuuliza majirani wanasema nini. Uliza: imepimwa ngapi, na nani amepima? Siku moja jibu litoke kwako.