Huo Moshi Mnaoucheka Ndio Uhai wa Injini!

Kuna staa mmoja wa magari ya rimoti huko Marekani, jina linabaki kapuni, klipu zake zinatembea balaa. Sio vile vigari vya betri vya watoto, hapana. Ni pikapu ndogo za nitro, zenye injini ya kweli inayonguruma. Kwenye klipu moja jamaa kashika bisibisi, kakaza skrubu ya mafuta kwenye kabureta, moshi ukapotea, pikapu ikafyatuka kama mshale. Laiki zikamwagika!

Shabiki wake mmoja, dogo aliyejinyima mpaka akanunua ya kwake, akaiga vilevile. Siku hiyohiyo injini ikagoma jumla. Kwenda kuuliza, wakamchamba: hujui kitu wewe, rudi kwenye betri.

Hapo dogo kaonewa.

Ukweli uko hivi. Injini hiyo ni ya mipigo miwili, haina oili yake pembeni. Oili imechanganywa humohumo kwenye mafuta, pamoja na methanoli na nitromethani. Ukikaza ile skrubu, mafuta yanapungua, na oili inapungua nayo. Spidi inapanda kweli, ila na joto linapanda, na pistoni inasuguana na silinda kavukavu. Ule moshi kwenye eksozi ndio ushahidi kwamba oili inapita.

Wajuzi hawana papara. Injini mpya wanaiendesha taratibu matangi kadhaa ya mwanzo, skrubu imelegezwa, mpaka pistoni na silinda vizoeane. Baada ya hapo wanakaza thumuni tu ya mzunguko, wanasikilizia mlio, wanapima joto. Likikaribia nyuzi 130 wanalegeza fasta. Asubuhi ya baridi pia wanalegeza, maana hewa baridi ni nzito, inadai mafuta zaidi. Yaani kipimo cha jana mchana kinaweza kuua injini leo alfajiri.

Kweli, moshi kupitiliza nao sio sifa. Pikapu inavuta kivivu, mara inazima. Lakini hilo ni kosa la kusameheka: unakaza kidogo, maisha yanaendelea. Ukikaza kupita kiasi, unaweza kujikuta unanunua injini nyingine.

Sasa klipu ya sekunde 20 inaonyesha nini? Spidi tu. Kipimajoto hakipo, na pistoni iliyochunika haionekani. Staa injini ikimfia anafunga nyingine, kesho anaposti tena. Dogo anabaki na pikapu ya kupamba kabati, na kuchambwa juu.

Mtu mwenye mashabiki kibao akishika bisibisi mbele ya kamera, aseme yote. Aseme ameikaza kwa ajili ya klipu tu na akimaliza anairudisha. Sentensi moja tu, haimpunguzii umaarufu wala hela.

Haya wadau, kosa la nani hapo, dogo au staa? Dondosheni maoni, matusi hapana.