Kati ya "akachukua" na "ili achukue"

Wenzangu watatu niliotazama nao Sandome no satsujin, filamu ya Hirokazu Kore-eda ya mwaka 2017, walikasirika ilipoisha. "Sasa nani aliua?" aliuliza mmoja, kana kwamba tumeibiwa. Mimi nasema filamu haikutuficha kitu. Inahusu jinsi mahakama inavyoandika kisa, na hilo limeonyeshwa wazi.

Misumi, aliyekwisha kufungwa zamani kwa mauaji, anashtakiwa kumwua mwenye kiwanda aliyemfukuza kazi na kuchoma maiti kando ya mto. Amekiri. Wakili wake, Shigemori, anaona si lazima kumwelewa mteja ili kumtetea. Anachojali ni pochi ya marehemu. Ilichukuliwa saa ngapi? Kwa sheria ya Ujapani, anayeua katika unyang'anyi anangojea kifo au kifungo cha maisha, basi. Anayeua bila kunyang'anya anaweza kupata kifungo cha miaka. Shigemori anagundua pochi iliguswa na petroli: wazo la kuiba basi lilikuja nyuma, mtu alipokuwa amekwisha kufa.

Hapo mwanaisimu akae vizuri kwenye kiti. Maisha ya Misumi yananing'inia kati ya sentensi mbili: "alimwua akachukua pochi" na "alimwua ili achukue pochi". Kiambishi -ka- kinapanga matendo, hili kisha lile. Juu ya nia hakisemi neno. "Ili" inaingia moyoni mwa mtu bila kubisha hodi.

Baadaye Misumi anageuza maneno, mara huyu alimtuma, mara hakuua kabisa. Anapokana mbele ya mahakama, hakimu, mwendesha mashtaka na mawakili wanatazamana, na kesi inaendelea kama ilivyopangwa. Kuanza upya kungekuwa kazi nyingi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko damu ya mwanzo. Anahukumiwa kifo.

Nisingeona haya yote kama si mjomba wangu. Miaka miwili iliyopita aligombana na jirani, nami nilimsindikiza alipohojiwa. Alisema kwa Kiswahili: "Nilimsukuma, akaanguka, nikachukua simu yangu." Karani akaandika kwa Kifaransa kwamba alimsukuma ili achukue simu. "Yangu" nayo ilipotea njiani. Mjomba hasomi Kifaransa. Aliweka kidole gumba. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, nilisoma karatasi ile begani mwake, nikaona kosa, nikanyamaza kwa sababu karani alikuwa mzee na alikuwa na haraka.

Kitivoni tumechambua -ka- ubaoni tangu mwaka wa kwanza, kwa mifano ya sungura na fisi. Hatujachambua hata taarifa moja ya mahojiano, Kiswahili upande huu na Kifaransa upande ule, ingawa nchini mwetu watu wengi hujieleza kwa lugha moja na kuhukumiwa kwa nyingine. Walimu wetu watasema karatasi hizo ni za siri. Majina yanaweza kufutwa. Somo la tafsiri ya mahakamani lingeanza na karatasi kumi tu, nami nimekwisha kumwomba mwalimu wangu aniruhusu kuandika kazi yangu ya mwisho juu yake.

Mjomba alirudi baada ya miezi minne. Hajaniuliza karani aliandika nini.