Kichujio chang'olewa, moshi wabaki mjini

TAA ya manjano inapowaka kwenye dashibodi ya gari la dizeli lililoagizwa kutoka Japani au Uingereza, wamiliki wengi jijini Nairobi na Dar es Salaam huelekezwa kwenye tiba moja tu. Gari huinuliwa, mkebe ulio kwenye bomba la moshi hukatwa, kilichomo hung'olewa, kisha mkebe hulehemiwa na kurudishwa mahali pake. Kompyuta ya gari nayo hubadilishiwa programu ili isilalamike. Mwenye gari huondoka ameridhika, kwani taa imezimika na nguvu imerejea.

Kinachotupwa nyuma ya gereji ni kichujio cha masizi, tofali la kauri lenye maelfu ya vijia vilivyozibwa ncha moja. Moshi hulazimika kupenya kuta zake na kuacha masizi humo. Kifaa hiki hakikuwekwa kwa hiari ya watengenezaji. Kiwango cha Euro 5, kilichoanza Ulaya Septemba 2009 kwa aina mpya za magari na Januari 2011 kwa magari mapya yote, ndicho kilichofanya kichujio kisiepukike kwa magari madogo ya dizeli. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari ya mtumba yaliyozidi umri wa miaka 8, anayenunua gari dogo la dizeli lililoshushwa Mombasa hivi leo anapaswa kudhani kwamba linacho, hata kama muuzaji hakulitaja jambo hilo.

Tatizo ni kwamba kichujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi katika joto la nyuzi zipatazo 600, na joto hilo halipatikani katika foleni ya Mombasa Road saa moja asubuhi. Linahitaji mwendo wa barabara kuu, injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha kwa muda wa dakika 15 au 20. Safari zikiwa fupi, kompyuta hujaribu kusaidia kwa kunyunyiza dizeli ya ziada, lakini dereva huzima injini kabla kazi haijakwisha. Katika magari mengi, sehemu ya dizeli hiyo huteremka na kuchanganyika na oili. Ndiyo maana dereva anayechomoa kijiti cha kupimia oili na kufurahi kwamba haijapungua, bali imeongezeka, huwa anaifurahia dalili ya ugonjwa. Oili iliyochujuka kwa dizeli hailindi tabo wala beringi za injini.

Masizi huungua, majivu hayaungui. Majivu hayo hutokana na viungo vilivyomo ndani ya oili yenyewe, na hujikusanya kidogo kidogo hadi kichujio kihitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa mashine. Kwa sababu hiyo watengenezaji huagiza oili maalumu yenye majivu machache. Katika maduka mengi ya vipuri, hata hivyo, mteja huulizwa bei anayoimudu na uzito wa oili anayoitaka, basi.

Lawama ya mafuta machafu, iliyokuwa na uzito zamani, imepungua. Tangu Januari 2015, Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kenya ilikuwa imeruhusu 500. Mara nyingi kiini kiko ndani ya gari lenyewe: nozeli inayovuja, vali ya kurudisha moshi kwenye injini iliyoganda kwa masizi, au tabo inayopitisha oili. Fundi anayesafisha kichujio bila kutafuta chanzo hicho atamwona mteja yule yule baada ya miezi michache, na safari hiyo msumeno utashinda.

Hasara ya msumeno huo haimwangukii mwenye gari peke yake. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta zaidi ni mchuuzi wa kandokando ya barabara na abiria anayesubiri matatu, watu ambao hawakuulizwa lolote pale gereji.

Nchini Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililokuwa na kichujio kiwandani likikutwa hakipo hufelishwa katika ukaguzi wa kila mwaka. Kenya ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, lakini kwa miaka mingi ukaguzi wa mara kwa mara umeyalenga zaidi matatu na magari ya biashara. Isitoshe, mkebe mtupu hautofautiani kwa nje na mkebe mzima.

Mnunuzi anaweza kujikagulia mwenyewe. Akague alama za kulehemu kwenye mkebe, kisha apitishe kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi: kikitoka kimejaa masizi meusi, huenda kichujio hakipo au kimepasuka. Na kama safari zake ni za kumpeleka mtoto shule na kurudi nyumbani, gari la petroli litamfaa zaidi. Anayekwenda Nakuru kila wiki ndiye dizeli iliyetengenezewa.