Mashine hizi mbona zaja bila Kiswahili?

Msomaji ataniwia radhi leo nikiuacha mjadala wa ngeli na unyambuaji, nikazungumzia uoshaji wa mazulia. Taaluma yangu sijaihama. Nimeifuata hadi Tuwan, mtaa wa mjini Kitale, ambako vijana wamejitafutia riziki kwa kupakia mashine ndani ya gari kuukuu na kuwafuata wateja majumbani, hadi Kiminini na hata Bungoma.

Kazi yenyewe ni ya maana. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na mvua zikishika, udongo mwekundu wa Trans Nzoia huingia hadi vyumba vya kulala. Zulia likisuguliwa kwa brashi na ndoo, kama ilivyo desturi katika vituo vya kuoshea magari, huweza kukaa siku tatu halijakauka, likaanza kunuka. Mashine ya kufyonza hunyunyiza maji ya moto yenye sabuni ndani ya nyuzi na kuyavuta papo hapo pamoja na uchafu wake.

Tatizo ni stima. (Neno hili nalo lina safari yake: pwani lilikuwa jina la meli ya moshi, nasi huku bara tukalipa umeme.) Stima ikipotea kazi imekwama, na hatujasahau jinsi karibu nchi nzima ilivyoingia gizani usiku wa Agosti 25, 2023, na tena Desemba mwaka huo huo. Wako pia wateja wasiotaka tokeni zao ziliwe na mashine ya mtu. Ndiposa vijana wakaamua kwamba nguvu itoke garini.

“Mwalimu,” mmoja wao aliniuliza, “mashine imeandikwa wati 2,000, na inveta pia 2,000. Mbona inazima?” Alikuwa ameiunganisha inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na betri ya gari. Swali lake ni la fizikia, lakini kilichomzuia kupata jibu ni lugha. Kijitabu cha inveta kilikuwa na kurasa tele za Kiingereza na Kichina, na hakikuwa na sentensi moja ya Kiswahili.

Jibu halina uganga. Volti ni kama kimo cha tangi la maji, ampea ni wingi wa maji yapitayo bombani, na wati ni kazi inayofanywa na hivyo viwili kwa pamoja. Mashine ya wati 2,000 ikichomekwa ukutani, penye volti 240, huvuta ampea 8 na kidogo. Kazi iyo hiyo ikitoka kwa betri ya volti 12 hudai zaidi ya ampea 160, na ukihesabu zinazopotea ndani ya inveta, hukaribia 190. Waya mwembamba utaungua. Betri ya kawaida ya gari dogo haitafikisha dakika 20, na altaneta haiwezi kurudisha kwa kasi kile kinachotoka.

Wengine wamenunua jenereta ya petroli, na huo ni uamuzi bora zaidi, ijapokuwa muuzaji hasemi kwamba injini hupungukiwa na nguvu kwa takriban asilimia 1 katika kila mita 100 za mwinuko. Jenereta ya kilowati 3 kule Mombasa huwa kama ya 2.4 ikifika Kitale. Hiyo ni hasara ya mfuko tu. Lililonitia hofu ni kuikuta jenereta ikinguruma ndani ya gari, mlango umerudishwa kwa sababu ya mvua, na kijana ameketi kando yake. Onyo lilikuwepo ubavuni kwa herufi nyekundu, kwa Kiingereza. Alilisoma kwa sauti bila kukosea, wala hakuelewa kaboni monoksaidi ni kitu gani. Ilhali nani Tuwan asiyejua kwamba jiko la makaa halilazwi chumbani? Nilipomwambia kwamba jenereta hutoa hewa ile ile ya jiko, isiyo na rangi wala harufu, aliizima bila kubishana, akaiteremsha na kuiweka mbali na mlango.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Dai hili limechosha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Sijui habari hizo zitamfikiaje kwa Kichina.

Sidai kijitabu kizima kitafsiriwe. Nadai serikali isiruhusu mashine ya aina hii kuuzwa bila ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaoeleza unene wa waya, kiasi cha nguvu, umbali wa maji na soketi, na mahali pa kuweka jenereta. Idara yoyote ya Kiswahili katika vyuo vyetu, ikishirikiana na fundi mmoja wa umeme, inaweza kuuandika kwa wiki moja.